Zakumba Hakondi

Jinsi Mndolwa alivyofika Kipimani haituhusu. Miguu ni miguu na njia ni njia. Anayetaka kujua alilala wapi na alivuka mto gani, akamuulize mwingine. Mimi nitasema aliyoyakuta.

Mndolwa alikuwa fundi mizani, mtu wa makamo. Shule aliiacha darasa la tano, lakini hakuna mizani iliyodanganya mbele yake ikapona. Sokoni kwao wauza nyama wakimwona kwa mbali walianza kukohoa. Kwa miaka ishirini na saba alitengeneza mizani za watu na hakuharibu hata moja, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia.

Kipimani walimwita kwa barua. Barua ilisema: "Vitu vyote vya nchi yetu vimekuwa vizito kuliko vilivyokuwa. Bila shaka mizani zetu ni mbovu. Njoo." Mke wake, Mama Tunu, akamchemshia viazi vitamu, akavifunga kwenye kanga kuukuu, akamwambia, "Nchi usiyoijua, nenda na chakula chako." Maneno hayo yashikeni.

Langoni mwa Kipimani palikuwa na mlinzi mwenye kitabu kikubwa.

"Jina?"

"Mndolwa."

Mlinzi akapekua kurasa, taratibu, kama mtu anayetafuta kunguni. Akafika mwisho. "Halijatumika," akasema. "Pita."

Mndolwa hakuelewa. Akapita.

Kitu cha kwanza alichokiona sokoni ni kwamba hapakuwa na kelele za soko. Hakuna aliyebembeleza mteja wala kutukana bei. Zilisikika sauti za wapimaji tu, moja huku, moja kule, kama watu wanaomtafuta aliyepotea msituni: "Zakumba moja na nusu! Robo zakumba! Zakumba tatu!"

Cha pili, watu walikuwa wamekonda. Shingo kama mipini ya majembe. Mbele yake mwanamume mmoja alishuka kwenye mizani akitabasamu, suruali ameifunga kamba mizunguko miwili.

"Umeona, mgeni?" akasema. "Mwaka juzi nilikuwa zakumba moja. Leo moja na robo! Nchi imeshiba hii."

"Na hiyo kamba ya nini?"

"Aa, suruali zimepanuka. Siku hizi kila kitu kinakua."

Mndolwa akadhani anataniwa. Akamtazama machoni, akaona hataniwi. Mama mmoja akamsogelea na mtoto mgongoni, akamfungua, akampa. "Mpakate, kaka. Miezi minne tu, na ameshafika robo zakumba. Wakunga wanasema hawajawahi kuona mtoto mzito hivi."

Mndolwa akampokea. Alikuwa mwepesi kama kibuyu kitupu. Hakulia. Alimtazama fundi kwa macho makubwa, makavu, kama mtu mzima anayengoja jibu. Mndolwa akamrudisha kwa mama yake polepole, kwa kuogopa kumvunja.

Mwenyeji wake alikuwa Bi Kisaka, Mtunza Majina wa nchi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Alimkaribisha ofisini, akamweleza sheria zao bila haraka.

"Kwetu hapa," alisema, "mtaalamu akigundua namna ya kupima kitu, kipimo hicho hupewa jina lake. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Zakumba aligundua namna ya kupima uzito wa moshi. Basi uzito wote sasa ni zakumba. Tabwe aligundua joto la maji linavyopanda, basi joto ni tabwe. Kwenu hamfanyi hivyo?"

Mndolwa akakuna kichwa. Akakumbuka balbu ya dukani kwake, wati sitini. Fundi umeme mmoja alimwambia kwamba wati, volti na ampea yalikuwa majina ya watu, wataalamu wa zamani wa ng'ambo.

"Tunafanya," akajibu. "Ila wale wetu wameshakufa, wamezikwa."

Bi Kisaka akashtuka kweli. "Mmewazika? Sasa mnajuaje kama kipimo hakijabadilika?"

Akamweleza zaidi. Jina haliwezi kufanya kazi mbili. Likishakuwa kipimo, si la mtu tena. Mke wake haliiti, wanawe hawalirithi, kaburini haliandikwi. Mwenyewe huwekwa Nyumba ya Majina, abaki vile vile alivyokuwa saa ile alipotajwa, maana akibadilika yeye, nchi nzima itapima vibaya.

"Na akikataa?"

"Heshima?" Bi Kisaka akauliza, kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna watu wanaokataa kivuli chao. "Nani anakataa heshima?"

Mndolwa akafanya kazi siku tatu. Alifungua mizani arobaini, akazisafisha, akazijaribu kwa jiwe lake la kupimia, la chuma, alilokuja nalo kutoka kwao. Zote arobaini zilikuwa nzima. Siku ya nne akamwendea Bi Kisaka.

"Mama, mizani zenu hazina kosa. Nionyesheni mnacholinganishia. Kila mizani ina jiwe lake."

"Jiwe letu ni Zakumba mwenyewe," akasema. "Twende."

Nyumba ya Majina ilikuwa ndefu, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na kila mlango umepakwa jina kwa rangi nyeupe. Hapakuwa na kufuli hata moja. Chumba cha kwanza alikaa Tabwe, mama mnene wa uso, amezungukwa na majiko manne ya mkaa ili joto lake lisishuke wala lisipande. Mwaka mmoja alishikwa na homa. Kwa kuwa Tabwe hawezi kuchemka, baraza liliona kwamba ni nchi iliyopoa, watu wakaamriwa kuvaa mablanketi juani kwa wiki nzima. Wanane walizimia. Bi Kisaka alilisimulia hilo kwa majonzi, akiwalaumu wanane.

Chumba cha pili alilala Ngwaru, kipimo cha urefu, chali juu ya jiwe refu, mikono mbavuni. Hakuruhusiwa kukunja goti. Alikuwa macho. Walipopita, macho yake yaliwafuata mpaka pembeni kabisa, yakaishia hapo.

Mbele kidogo palikuwa na chumba kitupu, mkeka mpya, mlango umepigwa randa karibuni, hauna jina.

"Hiki cha nani?"

"Bado," akasema Bi Kisaka.

Zakumba alikuwa chumba cha mwisho. Aliketi kwenye sahani ya mizani kubwa, mzee aliyebaki mifupa na shuka. Kila asubuhi, Bi Kisaka alieleza, walimpima kwa mfuko wa mchanga. Mchanga ukishalingana naye, mfuko huo ndio zakumba moja ya siku ile, na kwa huo hujazwa mifuko ya masoko yote. Mkate wa kila raia, kwa sheria, ni sehemu moja ya mia ya zakumba. Na Zakumba mwenyewe, kwa kuwa hapa hakuna upendeleo, hula mkate mmoja kwa siku kama raia mwingine yeyote.

Mndolwa akachuchumaa, akachora hesabu sakafuni kwa kidole. Darasa la tano lilitosha. Mzee akikonda, mfuko unapungua. Mfuko ukipungua, mkate unapungua. Mkate ukipungua, mzee anakonda. Na nchi nzima nyuma yake, siku baada ya siku, inakonda huku ikihesabiwa kunenepa.

Akasimama. "Mama, mizani haina shida. Huyu mzee amekonda."

Karani aliyekuwa mlangoni akaangusha kalamu.

"Zakumba hakondi," akasema Bi Kisaka kwa upole ule ule. "Jana alikuwa zakumba moja. Leo ni zakumba moja. Kesho atakuwa zakumba moja. Pima mwenyewe."

Wakampima kwa mfuko uliojazwa kwake asubuhi ile. Mizani ikasimama sawasawa, mkono haukuyumba hata unywele.

"Umeona?"

Mchana wa Kipimani watu wote hulala, maana njaa hulazwa. Mndolwa alisema atabaki kutia mafuta mizani kubwa. Walipoondoka, akakaa chini karibu na yule mzee.

"Shikamoo, mzee Zakumba."

Midomo ya mzee ikacheza kwanza. "Umetaja kipimo, au umeniita mimi?"

"Nimekuita wewe. Shikamoo."

"Marahaba." Akalirudia polepole, kama anayelionja neno lile. "Zamani nilikuwa naitika. Dirisha hili linatazama soko. Walikuwa wakisema 'Zakumba mbili!' nami nasema 'Naam!' Wanasema 'Zakumba tatu!' Naam! Kutwa nzima, mwanangu. Wananiita wote na hakuna anayenitaka. Mwisho koo lilichoka."

"Una njaa?"

"Njaa kipimo chake ni nini? Mimi sijui. Hawajampata mwenye jina."

"Mzee wangu, mimi sikuulizi kipimo. Nakuuliza tumbo."

Mzee akaanza kulia bila machozi, mabega tu. Mndolwa akafungua kanga ya Mama Tunu. Vilibaki viazi saba, vimeanza kukauka. Mzee alivila na maganda yake.

"Nani kapika?"

"Mke wangu."

"Anakuita nani?"

"Baba Tunu. Mke gani wa Kiswahili atamwita mumewe kwa jina?"

Mzee akacheka. Kicheko kilitoka kikiwa na vumbi. "Mshukuru," akasema.

Asubuhi iliyofuata ikazuka kelele ya kwanza ambayo Mndolwa alipata kuisikia katika nchi ile. Mzee alikuwa amelala na viazi saba na mtungi wa maji tumboni. Mfuko wa mchanga ukazidi, masoko yakajaza mifuko mizito, na kila kitu nchini kikaonekana kimepungua. Yule bwana wa kamba alishuka kwenye mizani akipiga mayowe kwamba ameibiwa nyama ya mwili usingizini. Yule mama alimkumbatia mwanawe akilia, "Amekonda! Jana alikuwa mzima, leo amekonda!" Kwa mara ya kwanza alimtazama mtoto kweli, naye mtoto alikuwa amekonda kweli. Waoka mikate watatu walikamatwa, maana mikate ya jana haikufika uzito wa leo.

Baraza likakutana kabla ya adhuhuri. Mjumbe mmoja alisema kuna jeshi la adui linaloiba chembe moja moja kutoka kila kitu. Mwingine akasema vitu vimekosa adabu kwa sababu ya vijana. Wa tatu akataka waoka mikate wachapwe viboko sehemu moja ya mia ya wanavyostahili, kila siku, kwa siku mia.

Mndolwa akanyanyuka nyuma kabisa.

"Wacheni waoka mikate. Mimi nilimpa mzee viazi."

Vichwa vyote vikageuka.

"Viazi saba. Alikuwa anakufa njaa, kama mlivyo ninyi nyote. Wewe bwana, jishike mbavu. Zihesabu. Hamjanenepa. Kipimo chenu kinakufa, nanyi mnakufa naye mkipiga makofi. Mpeni yule mzee ashibe, mikate itarudi kuwa mikate. Sihitaji malipo. Nimemaliza."

Alitegemea apigwe. Alikuwa ameshapima kwa macho umbali wa mlango. Lakini hakuna aliyekasirika. Mwenyekiti wa baraza, mzee safi wa kanzu, alikuwa akitabasamu kama babu aliyesomewa barua njema.

"Kwa hiyo," akasema, "unasema kuna tofauti kati ya Zakumba na Zakumba."

"Ndiyo."

"Nasi hatujawahi kuwa na kipimo cha tofauti hiyo."

"Sijui. Nadhani hamna."

"Wewe ndiye uliyeigundua."

Bi Kisaka alikuwa ameshafungua kitabu. Watu wakasimama, mmoja mmoja, wakaanza kupiga makofi taratibu, wote kwa pigo moja. Mwoka mikate aliyefungwa kamba naye alipiga, mikono yake ikiwa pamoja. Yule mama wa mtoto tu ndiye hakupiga.

"Heshima kubwa kuliko zote," akasema Bi Kisaka. "Pole kwa kuchelewa. Chumba kilikuwa tayari tangu ulipopita langoni."

Kuanzia hapa siwezi kumwita kwa lile jina. Mwanzoni nimelitaja kwa kuwa mwanzoni lilikuwa lake. Sasa nitamwita fundi.

Wakampeleka chumba chenye mkeka mpya, wakapaka jina mlangoni kwa rangi nyeupe, wakamwacha. Hawakufunga. Akakaa akijiuliza kwa nini miguu yake imekuwa mizito. Ukumbini karani akalinganisha mkate wa jana na wa leo, akasoma kwa sauti: "Mndolwa mbili."

"Naam!" fundi akaitika.

Hakuwa amekusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Karani wala hakugeuka.

"Mndolwa tatu."

"Naam!"

Kutoka chumba cha mwisho mzee akapiga ukuta kwa kiganja. "Fundi! Wewe fundi! Usikae! Rangi ya mlangoni ikikauka, miguu itakuwa yao. Toka!"

Fundi akajiburuta hadi kwa mzee, kwanza kwa magoti, halafu kwa miguu. "Panda mgongoni, mzee. Twende."

"Mgongoni unipeleke wapi? Nikitoka watampandisha mwingine hapa, nao wataanza kumkondesha. Wewe nenda. Mimi niachie kitu cha kula."

Viazi vilikuwa vimekwisha. Fundi akatazama huku na huku. Pembeni palikuwa na mizani ndogo, ile ya kupimia mkate wa kila siku wa mzee. Akatoa jiwe lake la chuma. Akakaa nalo mkononi kwa muda. Miaka ishirini na saba, hajaharibu hata moja. Kisha akainama, akalifunga kwa waya chini ya sahani, upande wa mfuko mdogo wa sehemu ya mia, pasipoonekana. Kuanzia siku ile, mkate wa mzee usingetosha mpaka ulingane na mfuko pamoja na chuma cha watu. Na chuma hakifi njaa.

"Umefanya nini?" mzee akauliza.

"Nimedanganya," fundi akasema. "Kula, mzee wangu. Kula usiogope."

Langoni mlinzi alikuwa na kitabu chake.

"Jina?"

"Sina. Mmelichukua."

Mlinzi akapekua. Akafika mwisho, akaweka kidole. "Aliyeingia ni Mndolwa."

"Naam!" fundi akaitika, jasho likamtoka.

Mlinzi akamtazama. Wote wawili walijua. Lakini kitabu kilikuwa wazi. "Mndolwa ni kipimo tangu asubuhi," mlinzi akasoma, "na kipimo hakitembei. Wewe unatembea. Kwa hiyo si wewe." Akafunga kitabu. "Pita, usiye na jina."

Nyumbani alikuta kibao cha duka kimeandikwa FUNDI MIZANI, na kabla ya maneno hayo nafasi tupu, mbao nyeupe. Ndugu zake walimtambua uso, wakafungua vinywa, wakabaki wameduwaa kama watu waliosahau walichofuata chumbani. Mama Tunu peke yake hakuhangaika. Alitoka jikoni akajifuta mikono.

"Baba Tunu, umechelewa. Kanga yangu iko wapi?"

Hilo jina Kipimani hawakulichukua. Halikuwa lake, alipewa na mtoto. Akaketi kizingitini akalia, mke akadhani ni uchovu.

Hajawa mzima sawasawa. Akiwasha balbu dukani husema kwanza, kwa sauti ndogo, "Samahani, mzee Wati," na wateja hutazamana. Na kila siku, jua likikaribia kichwani, katikati ya kazi, huruka ghafla na kuitika, "Naam!" Mwanzoni mara moja. Baada ya mwezi, mara tano, kumi.

"Nani kakuita?" Mama Tunu aliuliza siku ya kwanza.

"Mkate wa leo umezidi wa jana. Kuna mtu kala," akajibu.

Mke hakuuliza tena. Akajifunza kupakua chakula baada ya kuitwa huko, maana kabla ya hapo mume hagusi tonge.

Jana jua lilifika kichwani likapita. Hakuitwa. Mama Tunu akaweka ugali na mchicha, ukaanza kupoa. Akachungulia. Baba Tunu alikuwa amekaa ameshika nyundo, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikiliza mlango wa mbali. Alasiri ikaingia. Vivuli vya mizani vikalala sakafuni.

"Kula basi, mume wangu. Labda wamesahau."

"Nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Hata nzi alitua. Mke akamwona mumewe akifumba macho, akiwaza yule mtoto wa macho makubwa, bila shaka, na yule mzee.

"Naam!" akapaza sauti, nyundo ikamtoka mkononi. "Naam! Naam! Naam!"

Akavuta sinia, akanawa, akala mpaka akakomba.